Kiyoyozi cha Kujirekebisha katika Gari la Umeme: Somo la Istilahi kutoka Barabara ya Voi na Wundanyi

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuueleza mtambo unaosawazisha hewa ndani ya gari la umeme, hususan kasi ya feni na uchaguzi wa halijoto. Barabara ya kutoka Voi hadi Wundanyi, katika Kaunti ya Taita Taveta, imechukuliwa kuwa uwanja wa mifano kwa kuwa inaanzia katika joto kavu la nyika na kuishia katika ukungu wa milimani kwa muda wa saa moja hivi. Hoja kuu ni kwamba neno "AC", kama linavyotumika katika mazungumzo ya kila siku, limebeba dhana tatu ambazo mtambo huu umezitenganisha, na kwamba utata huo unamgharimu dereva umeme na wakati mwingine usalama. Makala yanapendekeza istilahi chache na kuzipima.

1.0 UTANGULIZI

Kila chombo kipya cha usafiri kilichopita Voi kiliacha maneno nyuma yake. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilieneza maneno kama vile stesheni na tikiti, na wazungumzaji wenyewe wakaliita lile dubwana la chuma garimoshi, yaani gari liendalo kwa moshi. Treni za abiria zilipoanza safari kwenye reli mpya mwaka 2017, istilahi "reli ya kisasa" ilikwisha kuenea redioni na magazetini. Leo kinachotufikia ni gari la umeme, na swali letu wanafunzi wa lugha ni lile lile la zamani: je, chombo hiki kitakuja na maneno ya nani?

Swali hili si la kinadharia tu. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilipunguza ushuru wa bidhaa unaotozwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi asilimia 10. Mwaka 2022 mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo yalianza kubeba abiria jijini Nairobi. Aidha, wapo wanaoagiza magari madogo yaliyokwisha kutumika Japani, mathalani Nissan Leaf, ilimradi hayajapita umri wa miaka minane unaoruhusiwa na kanuni za Kenya. Mengi ya magari haya hufika na vioo vya dashibodi vinavyoonyesha maandishi ya Kijapani. Mnunuzi akibahatika, fundi humbadilishia yakawa ya Kiingereza. Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, hakimo katika orodha ya lugha za kuchagua.

Matokeo yake ni kwamba mwenye gari hujifunza mtambo wake kwa kubahatisha. Katika gari la petroli kubahatisha huko hakumdhuru sana. Katika gari la umeme, ambamo kiyoyozi na magurudumu hunywa kutoka kisima kimoja, kubahatisha kuna bei yake.

2.0 MAZINGIRA YA SOMO

Mji wa Voi umekaa katika nyika kavu kandokando ya Mbuga ya Tsavo Mashariki, kiasi cha mita 600 juu ya usawa wa bahari. Hapa barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inakutana na ile inayoelekea magharibi, kupitia Mwatate, hadi Taveta mpakani mwa Tanzania. Msafiri anayekwenda Wundanyi huiacha njia ya Taveta pale Mwatate, kisha hupanda kwa kona baada ya kona hadi anapovuka mita 1,400. Juu zaidi kipo kilele cha Vuria chenye mita 2,208.

Wanasayansi wa anga hukadiria kwamba halijoto hushuka kwa nyuzi sita hivi kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo msafiri aliyeondoka Voi saa nane mchana katika nyuzi 34 anaweza kulakiwa na nyuzi 28 au 29 huko juu, na pungufu ya hapo iwapo kumetanda mawingu. Zaidi ya joto, unyevu nao hubadilika. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hugonga milima ya Taita, hupanda, hupoa na kuzaa ukungu. Ukungu huo ndio unaoistawisha misitu ya Ngangao na Mbololo, na ndio unaomfanya dereva apanguse kioo chake.

Kiswahili hakikosi maneno ya hali hizi. Tunalo joto, neno la jumla. Tunayo hari, joto linalomtoa mtu jasho. Tunalo fukuto, joto zito la mahali pasipo hewa. Tunao uvuguvugu, ubaridi, umande, ukungu na unyevu. Tunacho kiangazi na kipupwe, kaskazi na kusi. Mtaalamu wa istilahi anayedai kwamba lugha yetu haina pa kuanzia hajawahi kumsikiliza mzee wa pwani akieleza kwa nini usiku wa jana hakulala.

3.0 MTAMBO UNAVYOFANYA KAZI

Kabla ya kuliunda neno ni sharti dhana ieleweke. Hebu tuutazame mtambo wenyewe hatua kwa hatua.

3.1 Kompresa

Kupoza hewa ni kuhamisha joto kutoka ndani ya gari na kulitupa nje. Anayeisukuma kazi hiyo ni kompresa, ambayo huigandamiza ile gesi maalumu ambayo mafundi wetu husema "imeisha" pale kiyoyozi kinapodhoofika. Katika gari la petroli, kompresa huzungushwa na injini kwa mkanda. Katika gari la umeme hakuna injini ya namna hiyo. Kompresa ina mota yake, nayo hula umeme moja kwa moja kutoka betri kubwa ile ile inayoendesha gari. Faida yake ni kwamba inaweza kufanya kazi gari likiwa limesimama, na inaweza kuongeza au kupunguza mwendo wake kadiri ya haja. Hasara yake ni kwamba kila inachokula kinapunguza kilomita.

3.2 Vihisi

Mtambo wa kujirekebisha una vihisi kadhaa. Kimoja hupima joto la ndani, kingine joto la nje. Kipo pia kihisi kidogo juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele, kinachopima ukali wa jua, kwa kuwa mtu aliyepigwa na jua usoni huhisi joto hata kama hewa inayomzunguka imepoa. Baadhi ya magari huongeza kihisi cha unyevu karibu na kioo ili ukungu utambuliwe kabla ya dereva kuuona.

3.3 Halijoto lengwa

Dereva huchagua namba moja, tuseme 24. Namba hii si kiasi cha baridi inayopulizwa, ni shabaha. Wanafunzi wa tafsiri tumezoea kusema lugha chanzi na lugha lengwa. Kwa mantiki iyo hiyo, joto alilolikuta dereva ni chanzo na 24 ni halijoto lengwa. Kompyuta ya gari hulinganisha shabaha hiyo na taarifa za vihisi, kisha huamua mambo manne kwa pamoja: kompresa iende kwa nguvu gani, feni izunguke kwa kasi gani, hewa ya baridi na ya moto zichanganywe kwa kiasi gani, na hewa hiyo itokee wapi, usoni, miguuni au kiooni.

3.4 Feni

Hapa ndipo watu wengi hupotoshwa na mazoea. Feni haipozi chochote. Kazi yake ni kuisukuma hewa ipite kwenye koili baridi na kuingia walimo abiria. Katika mtambo wa kujirekebisha, feni huvuma kwa nguvu mwanzoni, wakati tofauti baina ya joto lililopo na halijoto lengwa ni kubwa. Tofauti inapopungua, nayo hupunguza kasi hadi karibu isisikike. Dereva asiyeujua mtambo husikia feni imenyamaza, akadhani imeharibika, akaiongeza kwa mkono. Katika magari mengi kitendo hicho huuzima utaratibu wa AUTO, ama wote ama kwa upande wa feni, na toka hapo dereva ndiye kompyuta.

Kosa la pili ni kuishusha namba hadi mwisho kwa imani kwamba gari litapoa haraka zaidi. Gari lililoanikwa juani Voi tayari liko mbali sana na 24. Mtambo umekwisha kufungua nguvu zake zote. Kuliamuru lifike 18 hakuongezi kasi ya kupoa. Kinachoongezeka ni muda ambao kompresa itaendelea kula umeme baada ya abiria kuridhika.

3.5 Joto la betri

Betri nayo huathirika na joto. Ikikaa katika joto kali kwa miaka mingi huchakaa mapema. Magari mengi ya sasa hupoza betri kwa majimaji yanayosaidiwa na kompresa ile ile ya kiyoyozi. Ndiyo maana gari linalochajiwa kwa kasi adhuhuri huweza kusikika likivuma kwa mbele ilhali hamna mtu ndani. Nissan Leaf ya matoleo ya awali kwa upande wake haina mfumo wa namna hiyo. Betri yake hutegemea hewa inayopita chini ya gari. Anayenunua gari la kutumia Voi hana budi kulijua hilo, kwani kupoza walimo abiria si sawa na kupoza betri.

4.0 HESABU YA SAFARI

Msomaji aliyezoea kununua umeme kwa tokeni anaijua uniti moja, yaani kilowati-saa moja. Tuchukue gari dogo lenye betri ya uniti 40, linalotumia uniti 15 kwa kila kilomita 100 za tambarare, na lenye uzito wa kilo 1,600 pamoja na abiria. Safari ya Voi hadi Wundanyi ni kama kilomita 40.

Kwa mwendo wenyewe, gari litatumia uniti 6. Kuupandisha uzito huo kwa mita 850 kunahitaji takriban uniti 3.7 zaidi, ambazo sehemu yake hurudi betrini wakati wa kuteremka, kwa kuwa mota hugeuka jenereta dereva anapopunguza mwendo. Kompresa, ikiisha kulituliza joto la mwanzo, hula kati ya wati 1,000 na 2,000. Tuseme uniti 1.5 kwa saa nzima. Feni ya ndani ikizunguka kwa kasi ya mwisho hula wati 200 hadi 300, yaani robo uniti kwa saa.

Tunajifunza nini? Kwanza, dereva anayepunguza feni kwa nia ya kuokoa betri anaokoa kilomita moja au mbili tu, ilhali kompresa inayoendelea kufukuzia nyuzi 18 inamla kilomita kumi kwa saa. Pili, mlima unakula zaidi ya kiyoyozi. Si haki kukilaumu kiyoyozi kwa kila asilimia inayopotea baina ya Mwatate na Wundanyi. Tatu, na hili ndilo la kuzingatia zaidi, mlima hulipwa kwa mita, magurudumu hulipwa kwa kilomita, lakini kiyoyozi hulipwa kwa saa. Malori yakifunga barabara kuu kwa saa tatu, gari letu halisogei, ila kompresa itakuwa imekula uniti 4.5, sawa na kilomita 30 za tambarare. Kwa anayekusudia kwenda Taveta, safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Voi, kilomita 30 zinaweza kuwa tofauti ya kufika na kutofika.

Zipo njia za kupunguza gharama hiyo bila ya kuteseka. Gari liegeshwe kivulini. Kabla ya kuwasha kiyoyozi, madirisha yafunguliwe kwa dakika moja au mbili ili joto lililojifungia litoke, maana gari lililofungwa juani huwa na joto kuliko hewa ya nje. Ikiwa gari liko kwenye chaji, lipozwe likiwa bado limechomekwa, ili umeme utoke kwenye nyaya na si betrini. Halafu utaratibu wa AUTO uachwe ufanye kazi yake kwa nyuzi 24 au 25.

5.0 UTATA WA NENO "AC"

Sasa turudi katika lugha. Tuchukue mfano wa mazungumzo ndani ya gari la abiria lililokwisha kupita Mwatate na kuanza kupanda:

– Mwanangu, hebu ipunguze hiyo AC.
– Sawa, mama. Nipunguze upepo au nipunguze ubaridi?
– Mimi nasikia baridi, baba. Wewe punguza tu.

Swali la dereva ni la kiisimu kuliko linavyodhaniwa. Katika magari ya zamani yenye vifundo vya kuzungusha, "punguza AC" ilimaanisha kuirudisha feni kutoka nne hadi mbili, na aghalabu hilo lilitosha. Katika mtambo wa kujirekebisha, anayetaka baridi ipungue huiongeza namba, kutoka 22 hadi 25. Kwa maneno mengine, kitenzi punguza kinatekelezwa kwa kuongeza. Abiria anasema kweli na dereva anatii, lakini mkono ukienda unakozoea, feni itapungua, kompresa itabaki na shabaha yake ya 22, na mama ataendelea kupigwa na baridi, ingawa bila kelele.

Utata huu unatokana na neno AC kubeba dhana tatu: kompresa inayopoza, feni inayopuliza, na namba inayolengwa. Katika semantiki tungesema sehemu na kizima vimeitwa jina moja. Tiba yake haihitaji maneno mageni. Kiswahili kina vitenzi vinavyojitosheleza: poza na punguza ubaridi kwa joto, puliza na punguza upepo kwa feni, washa na zima kwa kompresa. Dereva wa mfano wetu aliipata tofauti hiyo bila kamusi.

6.0 UKUNGU KIOONI

Upo upande mwingine ambao matumizi ya maneno yasiyo bayana huleta hatari. Mtambo huweza kuvuta hewa kutoka nje au kuizungusha ile ya ndani. Pale Voi, kuzungusha hewa ya ndani ni busara: ni rahisi kuipoza hewa ya nyuzi 26 iliyokwisha kupozwa kuliko kuipokea mpya ya nyuzi 34. Lakini hewa hiyo ikizungushwa kwa muda mrefu, pumzi za watu watano hujaza unyevu na hewa chafu, na kichwa cha dereva huwa kizito. Gari linapoingia katika ubaridi wa milimani, unyevu huo hugandama kwenye kioo cha mbele upande wa ndani. Wapangusaji wa nje hawausaidii kitu. Kinachotakiwa ni kufungua hewa ya nje, kuielekeza hewa kiooni, na kukiacha kiyoyozi kikiwaka, kwa sababu koili baridi huikausha hewa kabla ya kuipitisha. Wengi hufanya kinyume: wanapoona baridi wanazima kiyoyozi, na ukungu unazidi.

Kuna pia ukungu wa nje, unaotokea hewa ya nje inapokuwa na unyevu mwingi na kioo kimepozwa mno kutoka ndani. Huo huondolewa na wapangusaji, na dawa yake ni kuacha kukipuliza kioo kwa baridi. Dereva akiambiwa tu "kioo kina ukungu" hajaambiwa la kufanya. Akiambiwa "ukungu wa ndani" au "ukungu wa nje" amekwisha kupewa nusu ya jibu. Katika kona za Wundanyi, nusu hiyo si haba.

7.0 MAPENDEKEZO YA ISTILAHI

Wanaistilahi wa Kiswahili wanazijua kanuni za PEGITOSCA, zinazotaka istilahi iwe sahihi, fupi, yenye kuzalisha nyingine, angavu, isiyo na matusi, inayooana na mfumo wa lugha na yenye kukubalika, miongoni mwa sifa nyingine. Tuzitumie kupima yafuatayo.

(a) Jina la mtambo. Tafsiri sisisi ya jina la Kiingereza ingetupa "udhibiti otomatiki wa tabianchi". Tafsiri hii haifai. Tabianchi ni hali ya hewa ya eneo pana kwa miaka mingi, na msomaji aliyezoea habari za mabadiliko ya tabianchi atashangaa gari linalodai kuidhibiti. Tunapendekeza kiyoyozi cha kujirekebisha. Kiyoyozi kimekwisha kukubalika. Kujirekebisha kunaeleza hasa kile ambacho mtambo wa zamani haukuweza.

(b) Halijoto lengwa. Ni fupi, ni angavu, na inaoana na istilahi tulizonazo katika taaluma nyingine.

(c) Feni. Yapo maneno mbadala. Pepeo na upepeo yanakumbusha mkono na moto wa jikoni. Pangaboi, linalotumika zaidi Tanzania, ni la feni ya darini. Kipepeo kitamfanya mwanafunzi amfikirie mdudu. Feni linabaki kuwa bora, mradi tutofautishe feni ya ndani na feni ya rejeta, ile inayovuma mbele ya gari wakati wa kuchaji.

(d) Kompresa. Kigandamizi ni angavu, na mwenye kupenda unyambulishaji atakitetea: ganda, gandamiza, kigandamizi. Hata hivyo fundi wa gereji anasema kompresa, na anayekwenda dukani kununua kigandamizi atarudi mikono mitupu. Tunapendekeza kompresa katika mafunzo ya ufundi, na kigandamizi kitumike kama maelezo darasani.

(e) Kihisi, wingi vihisi. Kinaingia ngeli ya KI-VI bila shida na kinazaa kihisijoto, kihisijua na kihisiunyevu. Hapa ndipo sifa ya uzalishaji inapoonekana.

(f) Mzunguko wa ndani na hewa ya nje. Istilahi hizi mbili zinajieleza kwa kupingana, jambo linalomfaa dereva asiye na nafasi ya kutafakari.

(g) Upozaji tangulizi. Ni kule kulipoza gari likiwa bado limechomekwa. Istilahi hii inahitaji kuzoeleka, lakini hatukuona nyingine iliyo fupi zaidi yenye maana hiyo.

(h) Pampu ya joto. Gari la umeme halina injini ya kulipasha joto, hivyo baadhi hutumia waya unaopata moto, na mengine hutumia pampu inayolivuta joto kutoka nje na kuliingiza ndani, kinyume cha kupoza. Kwa umeme ule ule, pampu huleta joto maradufu au zaidi. Mkaazi wa Voi hataijali sana, ila dereva anayeondoka Wundanyi alfajiri wakati wa kipupwe ataijali.

Inafaa kuonya pia kuhusu sarufi. Tafsiri za haraka huzaa sentensi kama "weka feni kwenye chini" au "geuza joto juu". Hizi zina maneno ya Kiswahili lakini hazina Kiswahili. Mzungumzaji husema "punguza kasi ya feni" na "ongeza joto". Vitenzi vyetu tayari vinabeba mwelekeo ambao Kiingereza hulazimika kuueleza kwa juu na chini.

8.0 ZOEZI KWA WANAFUNZI

1. Tafsiri kwa Kiswahili fasaha maandishi yaliyo kwenye vitufe vya kiyoyozi cha gari lolote ulilolikaribia. Je, ni vitufe vingapi vinavyohitaji neno, na ni vingapi vinavyohitaji kitenzi?

2. Sikiliza safari moja ya matatu. Orodhesha kauli zote zinazohusu joto, baridi, upepo na madirisha. Bainisha ni ipi kati ya dhana tatu za "AC" inayokusudiwa katika kila kauli.

3. Andika maagizo yasiyozidi maneno 60 ya kumwelekeza dereva anayetoka Voi kwenda Wundanyi wakati wa mvua za vuli. Mpe dereva halisi ayasome, kisha umwombe ayarudie kwa maneno yake. Anapokwama, istilahi yako ndiyo iliyokwama.

9.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba kiyoyozi cha kujirekebisha hudai lugha iliyopambanuliwa. Joto, upepo na kompresa vilikuwa kitu kimoja katika mazungumzo kwa sababu kifundo kilikuwa kimoja. Mtambo umevitenganisha, na anayevichanganya analipa kwa uniti, kwa kilomita au kwa kioo kilichofumbwa na ukungu penye kona.

Ipo kazi ambayo haiwezi kusubiri vikao vya wakubwa. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, kiko Ngerenyi, katika milima hii hii. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vimeenea nchi nzima. Wanafunzi wa lugha wakikaa na wenzao wa uhandisi pamoja na mafundi wa gereji za Voi, mwongozo wa kurasa nne wa kiyoyozi cha gari la umeme unaweza kuandikwa katika muhula mmoja. Ukikosekana, dereva wetu ataendelea kubonyeza maandishi ya Kijapani kwa kubahatisha. Istilahi hazikui kamusini. Hukua mdomoni mwa anayezihitaji. Wajibu wetu ni kumfikishia mapema, kabla hajalazimika kuazima.